Kihispania cha Milango na Madirisha

Kihispania changu hakijai kiganja. Sijui kuuliza njia kwa lugha hiyo, sijui kupatana bei ya nyanya, na mtu akinisalimia asubuhi kwa Kihispania huenda nikamjibu kwa neno la jioni. Ninachokijua ni mlango, dirisha, reli, skrubu, kabati, droo na kitanda. Mtu akiniweka leo katika mji wowote wa Hispania nitakufa njaa, lakini nitakufa nikiwa nimekaa vizuri kwenye kiti ninachokifahamu jina lake.

Maneno hayo niliyapata Katesh nikiwa msichana, na siku moja nilishukuru sana kwamba nilikuwa nayo.

Kwetu ni Nambis, huko Mbulu juu, ambako asubuhi ukungu unakaa mashambani hadi ng'ombe wamekwisha kukamuliwa. Wazazi wangu walilima mahindi, maharage na ngano kidogo, na nilipomaliza kidato cha nne kwa alama ambazo hazikumfurahisha mtu, nilirudi kwenye jembe kama wenzangu. Kisha padre wa parokia yetu akatangaza baada ya misa kwamba masista wenye zahanati karibu na Katesh wanatafuta binti wa kufua na kufanya usafi. Mama alinifungia shuka mbili na blanketi. Blanketi halikunisaidia sana. Katesh haina baridi ya kwetu, ina upepo. Unashuka kutoka mlima Hanang, unapita uwanjani, unaingia kwenye chai.

Ilikuwa miaka ambayo kila kitu kilikuwa kinabadilika haraka kuliko tulivyozoea. Duka la ushirika la kijijini kwetu lilikuwa limebaki kuta na popo. Katesh, kwa upande mwingine, maduka ya watu binafsi yalikuwa yamejipanga barabarani, na siku ya mnada ulipata mitumba, redio za betri, sabuni za rangi zote na wachungaji kutoka tambarare wakijipima miwani ya jua. Mkoa wetu nao ulikuwa umezaliwa juzi. Watu walikuwa bado wanasema "tupo Arusha" halafu wanajirekebisha: "yaani, Manyara." Kila wiki ungesikia mtu ameitwa semina Babati.

Masista walikuwa wachache, wote kutoka Hispania. Mkubwa wao alikuwa amekaa nchini miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Wa jikoni hakuwa hivyo. Yeye alizungumza lugha yake na kila mtu, pamoja na kuku, na mimi kwa kuwa naye kila siku nilianza kumwelewa. Akisema nilete sufuria, nilileta sufuria. Huo ndio uliokuwa usomi wangu wote siku kontena lilipofika.

Kontena lilikuwa na vitu vya nyumba ya kulelea wazee iliyofungwa huko kwao: milango ya aluminiamu na kioo, madirisha ya kusukuma pembeni, makabati, vitanda, viti, meza ndogo za kuwekea dawa. Badala ya kuvitupa, watu wa mji ule walivifungua kimoja kimoja na kuvituma kwetu, na nyuma yake wakamtuma mzee aliyevifungua. Alikuwa fundi mstaafu wa milango na madirisha, mfupi, mwenye masikio makubwa mekundu kwa jua, na hakuwa na neno hata moja la Kiswahili wala Kiingereza. Sista mkubwa aliniita kutoka kwenye kamba ya nguo.

"Wewe unamwelewa sista wa jikoni," akasema. "Utamwelewa na huyu."

"Sista, mimi najua sufuria tu."

"Basi utajua na mlango."

Nikapewa kazi ya kusimama kati ya yule mzee na fundi wetu wa Katesh, seremala mwenye heshima zake ambaye alikuwa amejenga nusu ya milango ya mji. Fundi huyu alinizidi umri sana, nami nilimwamkia shikamoo kila asubuhi kabla ya kumpa habari yoyote. Siku ya kwanza alisimama mbele ya maboksi mikono kiunoni. Kwenye kila boksi refu mzee alikuwa ameandika kwa kalamu nene: HOJA, na namba.

"Hoja ya kwanza," fundi akasoma. "Hoja ya pili. Hoja ya tatu. Binti, hawa wametuletea milango au wametuletea bunge?"

Nilimwonyesha mzee yale maandishi nikafungua mikono kuuliza. Akacheka, akapasua boksi, akapiga kioo kwa kiganja. "La hoja," akasema, ila kwa mdomo wake ilitoka kama "oha". Kumbe ni ubao wa mlango wenyewe, ule unaotembea. Fundi wetu hakulikubali neno hilo hata kidogo, lakini tangu siku hiyo alilitumia kuliko wote. "Leta hoja," angeniambia, "tuipitishe."

Ndivyo tulivyoenda. Kitanda kwa mzee kilikuwa "cama", na kwa kuwa alilitamka sawasawa na kama yetu, ilikuwa shida. Alisimama mlangoni akisema, "Cama! Cama!" na fundi akamjibu, "Kama nini, mzee wangu? Maliza." Meza ilikuwa "mesa", na hapo fundi alifurahi sana, akaniambia nimwulize ni nani aliyemwibia mwenzake. Dirisha lilikuwa "ventana". Kabati ni "armario". Droo ilikuwa na sauti ya kukwangua kooni, "cajón", ambayo watu wa kwetu Mbulu tunaiweza kuliko wa pwani, kwa sababu Kiiraqw kimejaa sauti za kooni. Mzee aliposikia ninavyolitamka alinishika mkono kwa furaha.

Kulikuwa na neno moja lililotupotezea asubuhi nzima. Mzee alikuwa juu ya ngazi akichungulia ukingo wa juu wa mlango, akanyoosha mkono bila kutazama chini, akasema, "Tope." Nikamwambia fundi kwamba mzee anataka tope. Fundi akaona ni jambo la maana, pengine anataka kuziba ufa. Alikwenda bombani, akachanganya udongo vizuri kwenye sahani ya bati, akaja kumpa. Mzee alitazama ile sahani. Alitutazama sisi. Kisha akashuka, akaokota kipande cha plastiki cheusi, kidogo kama jino, akapanda tena akakifunga kwa skrubu juu ya ubao. Akajaribu kuunyanyua ubao kwa nguvu. Haukutoka. Akakifungua kile kipande, akaunyanyua tena, ukapanda ndani ya mfereji wa juu, na sehemu ya chini ikatoka relini kwa ulaini kabisa. Akakirudisha, akakipiga kwa kidole. "Tope," akarudia polepole. Kizuizi. Baadaye alinivuta hadi kwenye kabati la dawa, akavuta droo mpaka mwisho ilipogoma, akanionyesha ndani kipande kinachofanana. "Tope," akasema tena. Ukikibonyeza na kuinyanyua droo, inatoka mkononi mwako nzima. Usipokibonyeza, utavuta mpaka kesho.

Sijui kwa nini alijisumbua kunifundisha kiasi hicho mimi niliyeajiriwa kufua mashuka. Nadhani alipenda tu kazi yake.

Milango ilipokamilika watu walikuja kuitazama. Walikuwa wamezoea mlango wenye bawaba, unaousukuma ukaenda, na huu ulikwenda pembeni kimyakimya ukajificha nyuma ya mwenzake. Bibi mmoja kutoka Tlawi, aliyekuja kwa binti yake akaletwa kutibiwa mgongo, alisimama mbele ya kioo cha ukungu akapiga hodi mpaka nikaenda kumfungulia. Alipoona mlango unateleza alirudi nyuma akasema yeye anaweza kusubiri nje. Lakini baada ya siku chache hakuna aliyeshangaa tena. Mzee aliagwa kwa mbuzi, akalia waziwazi, akaondoka. Na mwalimu wangu wa Kihispania cha mbao akawa amekwenda.

Nyuma yake akaja sista mpya, mkunga. Alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, mwenye mikono ambayo akina mama waliisifu kabla hawajajua jina lake. Kiswahili chake kilikuwa kichanga: sukuma, pumua, pole, mzuri, bado. Na tope. Hilo alijifunza mwenyewe, gari lilipomnasia njiani wakati wa mvua na akalazimika kuvua viatu. Kila asubuhi nilimsikia akigombana na droo ya kabati la dawa, ile ile, iliyokuwa ikigoma mwishoni, mpaka nikamwonyesha namna ya kubonyeza na kunyanyua. Alinishukuru kwa kunipa peremende.

Sasa nifike kwa wifi yangu.

Kaka yangu mkubwa, aliyebaki Nambis kwenye shamba la baba, alimwoa mwanamke mpole aliyekuwa anaimba akipika. Baada ya ndoa kuimba kulipungua. Walikuwa wamepoteza watoto kabla hawajapewa majina, na mara ya mwisho alizalia nyumbani, mvua kubwa, barabara haipitiki, na mtoto hakulia. Alipopata mimba tena hakumwambia mtu mpaka tumbo lilipojisema. Nilikwenda nyumbani likizo nikamkuta anachambua maharage, nikamwambia, "Wifi, safari hii utakuja kukaa kwangu Katesh. Kuna mkunga pale."

Aliendelea kuchambua. Halafu akasema, "Kaka yako akikubali."

Kaka alikubali kabla sijamaliza kumwuliza. Wifi akaja kukaa katika chumba changu, mwezi wa mwisho, tukilala kitanda kimoja kama tulivyokuwa tukilala na dada zetu utotoni. Sista alimpima, akamsikiliza mtoto, akasema, "Mzuri. Bado."

Ulikuwa wakati wa kiangazi, na kiangazi hicho upepo wa Katesh ulikuwa na hasira. Vumbi lilikaa kwenye mashuka kabla hayajakauka. Nilifagia vyumba asubuhi na mchana, lakini reli za milango, mifereji ile myembamba ya chini, sikuweza kuimaliza kwa fagio la njukuti. Vumbi lilishuka humo na kugandamana. Mlango wa chumba cha kujifungulia ulikuwa umeanza kulalamika. Ulikwenda, ukasita, ukaenda tena. Tulisema fundi akirudi atautazama. Alikuwa amepata kazi ya kuezeka mbali, upande wa Singida.

Uchungu ulimshika wifi asubuhi, siku ambayo muuguzi wetu alikuwa Babati kwenye semina na sista mkubwa alikuwa ameongozana naye kwa shughuli za ofisi za mkoa. Kaka alikuwa ameteremka siku iliyotangulia akiwa na unga na asali. Sista mkunga alimchukua wifi ndani, akavuta mlango ukajifunga kwa kishindo ambacho sikukipenda, na sisi tukabaki barazani. Kulikuwa na wagonjwa wachache. Mmoja wao alikuwa mama mzee wa Kibarbaig mwenye kidonda cha mguu, aliyeletwa na mwanawe, kijana mrefu mwenye shuka jekundu na fimbo, ambaye alikuwa amekaa chini kwa utulivu wa watu waliozoea kusubiri ng'ombe wanywe.

Jua lilikuwa limepanda sana sista aliponiita kutoka dirishani. Dirisha la chumba kile lilikuwa la kusukuma pia, na mbele yake nondo za kuzuia wezi. Uso wake ulikuwa umebadilika. Aliweka mkono wake mmoja kukingama juu ya mwingine.

"Mtoto hivi," akasema. "Hivi, hapana. Hospitali. Gari. Sasa."

Nilielewa. Mtoto alikuwa amelala kikingamo, na hapo kwetu hapakuwa na chumba cha upasuaji. Nilimkimbilia dereva, akawasha gari akalileta mpaka barazani, akafungua mlango wa nyuma, akatandika godoro. Kaka alisimama pale mikono imelegea. Kisha sista akavuta mlango atoke, na mlango haukuja.

Alivuta tena. Tuliona kivuli chake nyuma ya kioo cha ukungu kikijipinda. Ubao ulikuwa umeshuka upande mmoja. Gurudumu la chini lilikuwa limeruka reli na kukaa ndani ya vumbi lililogandamana, na aluminiamu ikajikaza kwenye fremu. Dereva akausukuma kwa bega, kaka naye. Haukusogea hata upana wa ukucha. Ndani nikamsikia wifi akilia, si kwa sauti kubwa. Alikuwa analia kama mtu aliyejua kwamba ndivyo itakavyokuwa.

"Tuvunje kioo," kaka akasema. Alikuwa ameshaokota jiwe.

"El cristal no!" sista akapiga kelele. "No, no, no!" Kitanda kilikuwa kimesogezwa mpaka mlangoni tayari kwa kutoka, na wifi alikuwa amelala juu yake, kichwa upande wetu. Kioo kile kilikuwa kinene kama kidole. Kingemwangukia yeye.

Nilimshika kaka mkono wenye jiwe. Nakumbuka mkono wake ulikuwa wa baridi katika joto lile lote. Nikamwambia, "Ngoja. Mlango huu unatoka. Niliona ukitolewa."

Nikakimbilia dirishani. Sista alikuwa anazungumza haraka kwa lugha yake, Kiswahili chote kimemtoka, hata pole imekwenda. Nikazishika nondo. Nikamwambia yale niliyokuwa nayo, bila sarufi yoyote, neno moja nyuma ya jingine: sista, mlango, ubao, juu, kizuizi.

"Hermana! La puerta. La hoja. Arriba. El tope!"

Akanitazama kama nimepagawa. Yeye alikuwa mkunga. Hakuwahi kupachika mlango maishani mwake. Neno hilo kwake lilikuwa na maana moja tu ya Katesh.

"Tope?" akajibu kwa Kiswahili, akionyesha sakafu. "Tope hapana! Kavu! Yote kavu!"

Mahali pengine ningecheka. Nilifunga macho nikatafuta kichwani kila kitu ambacho yule mzee mwenye masikio mekundu aliwahi kunishikisha mkononi. Kisha nikaiona droo.

"El cajón!" nikasema. "Hermana, como el cajón!" Kama droo. Nikafanya kwa mikono yangu kupitia nondo jinsi nilivyomfundisha: vuta, bonyeza, nyanyua. Nikaonyesha juu ya mlango. "Como el cajón. Arriba."

Aligeuka akautazama ukingo wa juu wa ubao. Niliona mgongo wake ukinyooka. Akavuta kiti, "la silla", akapanda, akapapasa, akakipata kile kipande cheusi kama jino.

"Aquí!" Hapa.

Dereva alikuwa amesimama nyuma yangu na bisibisi ya gari, maana alikuwa ameelewa kabla sijamwambia. Niliipitisha kwenye nondo. Sista akafungua kile kipande kikadondoka, tukakisikia kikigonga sakafu. Nikamwambia tena skrubu, "tornillo", chini sasa, pembeni, karibu na gurudumu, azungushe hadi ubao ulegee. Alipiga magoti. Wifi akapiga ukelele, na sista, bila kuacha kuzungusha, akamwambia, "Pumua. Pumua, mzuri," kwa Kiswahili safi.

Kwa nje hapakuwa na pa kushika. Dereva alileta chuma cha kufungulia matairi akakipenyeza chini ya ubao, lakini alihitaji mikono mingi zaidi ya ile iliyokuwepo. Kaka yangu, lazima niseme, hakuwa na mazoea mazuri na Wabarbaig wa tambarare. Miaka ya nyuma ng'ombe wa baba waliwahi kupotea, na huko kwetu ng'ombe wakipotea kila mtu anatazama upande mmoja bila ushahidi. Tangu asubuhi alikuwa hajampa salamu yule kijana wa shuka jekundu. Kijana hakungoja salamu. Alimkabidhi mama yake fimbo, akaja akachuchumaa kando ya kaka, akaingiza vidole vyake virefu kwenye upenyo uliofunguliwa na kile chuma.

"Tunainua?" akamwuliza kaka.

"Tunainua," kaka akasema.

"Arriba!" nikapiga kelele dirishani, na sista ndani akarudia, na dereva akabonyeza chuma, na kwa sababu zisizoeleweka wagonjwa wote barazani wakasema "Arriba!" kwa sauti moja, hata mama wa kidonda.

Ubao ulipanda. Nilisikia aluminiamu ikikwaruza ndani ya mfereji wa juu, halafu ule ukimya mdogo niliowahi kuusikia mara moja tu, siku ya mzee na sahani ya tope, na sehemu ya chini ikaruka relini ikatoka kwetu. Uzito wote ulimwangukia kijana begani. Alipepesuka, akausimamisha. Kaka akaushika upande wa pili, wakaupeleka ukutani wakauegemeza kwa upole, wanaume wawili wamebeba kioo kama wanavyobeba maiti, wanatazamana machoni ili wasikosee hatua.

Wifi alitoka na kitanda chake. Tulimbeba hadi garini kwa shuka. Sista akaingia upande mmoja, mimi upande mwingine, kaka mbele, na dereva akaondoka bila kuaga mtu.

Njia ya kwenda hospitali kubwa siwezi kuielezea vizuri. Nakumbuka makorongo makavu na dereva akiyaingia taratibu kama mtu anayebeba mayai. Nakumbuka sista akiwa ameweka kiganja juu ya tumbo la wifi muda wote, kana kwamba anamshikilia mtoto asiendelee kwenda mahali pabaya. Wifi alinishika kanga akaikunja mkononi. Mara moja tu alifumbua macho akaniuliza, "Bado unapiga?" akimaanisha moyo. Nilimtazama sista. Sista akainamisha sikio kwenye kile chombo chake cha mbao chenye umbo la tarumbeta, gari likitikisika, akakaa hapo muda mrefu mno. Akainua kidole gumba.

Walimpokea mlangoni wakamwingiza moja kwa moja. Mlango wa chumba cha upasuaji pale ulikuwa wa mbao, wa bawaba, wa kawaida kabisa, na ulifunguka.

Tukakaa kwenye benchi. Kaka hakukaa. Alikwenda hadi mwisho wa ukumbi, akarudi, akaenda. Sista alivua viatu akavifuta vumbi kwa pindo la gauni, kwa bidii kubwa, kana kwamba hicho ndicho kilichobaki kufanywa duniani. Halafu tukasikia. Kwanza nilidhani ni paka. Kisha sauti ikajikusanya, ikapanda, ikawa na hasira kamili ya mtu aliyesumbuliwa sana siku hiyo na anataka aliyehusika ajulikane.

Kaka alisimama katikati ya ukumbi. Akaniuliza, "Huyo ni wetu?"

"Ni wetu," nikamwambia, ingawa sikuwa na hakika.

Nesi akatoka akasema ni msichana, na mama yake yupo salama, wanamshona. Kaka yangu, mtu mzima ambaye sikuwahi kumwona akiinama mbele ya mtu isipokuwa kanisani, alikwenda akachuchumaa mbele ya sista, akainamisha kichwa. "Shikamoo, sista," akasema. Hakujua neno jingine la kumpa. Sista alikuwa amefundishwa jibu lake, na kwa mara ya kwanza alilipata bila kukosea.

"Marahaba," akasema. Akamshika kichwa.

Kisha wote tukagundua kwamba hatukuwa tumekula tangu asubuhi. Dereva alitupeleka kwa mama lishe nje ya geti, ambaye alitupakulia makande ya moto, na kaka akala sahani yake, akala ya kwangu, akaomba nyingine, huku akicheka peke yake. Sijawahi kuona makande yakiliwa kwa shangwe namna ile.

Kijana wa Kibarbaig alikuwa bado pale zahanati tuliporudi kesho yake kuchukua nguo za wifi, maana mguu wa mama yake ulihitaji kufungwa tena. Kaka alimtafuta. Sikusikia walichozungumza, ila niliwaona wamesimama kando ya ule ubao ulioegemezwa ukutani, kaka akionyesha milima ya kwetu, kijana akionyesha kuelekea tambarare, na wote wawili wakatikisa vichwa kuhusu jambo la mvua. Bega la kijana lilikuwa limevimba. Kaka alimwachia asali yote iliyobaki. Fundi aliporudi kutoka Singida alifungua magurudumu, akasafisha reli kwa mswaki, akapaka mafuta ya taa, akaurudisha mlango mahali pake, na mimi nikaongezewa mswaki kwenye vifaa vyangu vya usafi. Haukugoma tena wakati nilipokuwa pale.

Lakini nimetangulia. Jioni ile ile, kabla hatujaondoka hospitali, waliniruhusu kumwona wifi. Alikuwa amelala chini ya blanketi la kijivu, midomo imekauka, mtoto amefungwa kama kifurushi ubavuni mwake. Nilimnywesha maji kwa kijiko. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akarudi kwa mtoto. Alikuwa anahesabu vidole vyake kwa macho, nilijua, kwa sababu nami nilikuwa nafanya hivyo.

"Wifi," akaniambia kwa sauti ya kuparuza, "pale mlangoni, mlikuwa mnasema lugha gani?"

"Kihispania."

"Nilikuwa nimefumba macho. Nikasikia unapiga kelele vitu ambavyo sivijui, na watu wote wanakuitikia." Akavuta pumzi. "Nikajua tayari nimekufa. Nikasema, haya, kumbe mbinguni nako kuna lugha ya kujifunza upya, nami hata Kiswahili kilinishinda."

Nilicheka mpaka nikaweka kijiko chini. Naye akaanza kucheka, akashika tumbo, machozi yakamtoka pembeni ya macho yakaingia masikioni.

"Usinichekeshe," akasema. "Usinichekeshe, mshono unauma."

Lakini hakuacha, wala mimi sikuacha, na mtoto akaamka akatulilia wote wawili.